Kontena zima, kontena la kushirikiana, ndege au kuacha: vyombo vya nyumba ya Unguja vikihamia ng'ambo

Familia za Unguja zikishakata shauri la kuhamia Muscat, London au Toronto, swali linaloulizwa mwanzo ni bei ya kontena. Ningeomba lianze jengine: vyombo vyetu vikishafungwa vinafika mita ngapi za ujazo? Bila ya jawabu hilo, huwezi kulinganisha bei za mawakala wawili, maana kila mmoja atakuwa amekisia nyumba yake kichwani.

Chukua futi kamba. Pima urefu, upana na kimo cha kila kitu, zidisha, kisha jumlisha. Tuanze na makochi ya watu saba, ambayo hayakosekani kwenye kumbi zetu. Kochi la watu watatu lenye urefu wa sentimita 220, upana 95 na kimo 90 linakula karibu mita 1.9 za ujazo. La watu wawili, kiasi cha 1.4. Yale mawili ya mtu mmoja mmoja, 1.7 kwa pamoja. Jumla mita 5. Sasa pima kasha la bibi, sentimita 120 kwa 55 kwa 60: mita 0.4 tu. Nafasi ya seti moja ya makochi inatosha makasha kumi na mbili.

Hesabu hii ni muhimu kwa sababu ya namna nauli inavyokatwa. Mzigo wa meli unaoshirikiana kontena na mizigo ya wengine huhesabiwa kwa kulinganisha mita moja ya ujazo na tani moja, halafu unalipia kilicho kikubwa. Vyombo vya nyumbani ni vikubwa kuliko uzito wao, kwa hiyo utalipia nafasi karibu kila mara. Ndege nayo ina hesabu yake: sentimita za ujazo zinagawanywa kwa 6,000, na kinachopatikana ndizo kilo utakazolipia kama ni nyingi kuliko za kwenye mizani. Katoni la mito la sentimita 60 kwa 50 kwa 50 linaweza kuwa na kilo 6, lakini ndege italihesabu kilo 25. Baadhi ya kampuni za vifurushi hugawa kwa 5,000, na hapo zinakuwa 30. Mito haipandi ndege.

Niseme mapema ninakosimama ili msomaji anipime vizuri. Kwa nyumba nyingi za kwetu kinachofaa ni mchanganyiko: kontena la kushirikiana kwa vitu vichache vilivyochaguliwa kwa makini, ndege kwa mahitaji ya wiki za mwanzo, na vilivyobaki viachwe hapa hapa kwa watu watakaovitumia. Kontena zima lina watu wake, na nitawataja.

Kontena zima

Kontena la futi 20 lina urefu wa kiasi cha mita 5.9 kwa ndani, upana 2.35 na kimo 2.39. Kwa hesabu ni mita 33 za ujazo, lakini vyombo vya nyumbani havikai kama matofali. Panga upate 25 mpaka 28. La futi 40 lina kama mita 67.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba likishafungwa na kutiwa sili, mlango haukusudiwi kufunguliwa mpaka ufike, isipokuwa forodha wakitaka kukagua. Vitu vinaguswa mara mbili: vikiingia na vikitoka. Unaweza kuvipanga mwenyewe, kabati na friji chini, makatoni juu yake, na magodoro yakisimama wima pembeni kama ukuta wa kuzuia vitu visigongane. Yale mabegi ya shangazi kaja yanayojaa mashuka na nguo yanapata kazi nzuri hapa: yanajaza mapengo, na kontena lisilo na mapengo ndilo linalofika salama.

Ugumu unaanza mlangoni. Anayekaa Mkunazini au Shangani anajua kwamba lori la kontena haliingii kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Vyombo vitatoka kwa mabega na mikokoteni ya mahamali mpaka barabara kubwa, halafu kwa gari ndogo mpaka kontena lilipo. Hapo ile faida ya kugusa mara mbili inapungua, na gharama ya hamali inaongezeka. Anayekaa Fuoni au Mbweni, mwenye uwanja wa kuliweka kontena siku nzima, anapata faida yote.

Kabla ya kulipokea, ingia ndani mchana, mwenzio afunge milango, uangalie juu na pembeni. Ukiona nukta ya mwanga, pana tundu, na penye tundu maji ya bahari yataingia. Nusa pia. Kontena lililobeba samaki au dawa za kilimo litaacha harufu kwenye magodoro, na harufu hiyo haitoki.

Hatari nyengine haitoki nje hata kidogo. Hewa ya kwetu ina unyevu mwingi, na mbao, magodoro, mazulia na mikeka vinaunyonya. Kontena likipata jua la mchana sitahani, unyevu unatoka kwenye vitu. Usiku bati likipoa, unageuka matone juu ya dari na kudondoka kama mvua. Ndiyo sababu mtu anafungua kontena zima lisilo na tundu na kukuta ukungu kwenye kabati. Usifunge mzigo siku za mvua za masika ukiweza kungoja. Anika mazulia na magodoro juani siku kadhaa kabla. Tundika ndani ya kontena mifuko ya kloridi ya kalsiamu ya kunyonya unyevu. Usikaze plastiki moja kwa moja juu ya mbao: tangulia na blangeti au kanga kuukuu, kisha katoni, na plastiki iwe ya nje kabisa.

Kontena zima linamfaa anayehama na nyumba kamili, hana nia ya kurudi karibuni, na anakwenda mahali ambako vyombo vyake vitafanya kazi. Kwa watu wetu, mahali hapo mara nyingi ni Omani. Umeme wa huko ni volti 240 na hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde), wa kwetu 230 na 50, na plagi ni zile zile za meno matatu. Nyumba nyingi zina kumbi pana za kuyapokea makochi ya watu saba.

Kontena la kushirikiana

Hapa unalipia mita zako tu, na kampuni nyingi hazishuki chini ya mita moja. Mzigo unapelekwa ghalani, mara nyingi Dar es Salaam, unangoja wenzake, unapakiwa, unafika, unashushwa kwenye ghala jengine, ndipo unapochambuliwa. Umeguswa mara nyingi na watu wasiokujua. Katoni la kawaida la dukani haliwezi safari hiyo, na shangazi kaja ndiyo kabisa: zipu haina sili, na kitambaa chake kinachanika kwa ncha ya ubao.

Kwa hiyo ukichagua njia hii, fedha uliyookoa kwenye nauli itumie kwenye sanduku. Na hapa pana jambo ambalo mafundi wetu wa Mwanakwerekwe wasipoambiwa hawatalijua. Mbao za kufungashia mizigo ya kimataifa ziko chini ya kanuni iitwayo ISPM 15. Ubao mbichi unaoweza kubeba wadudu unatakiwa upashwe moto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha upigwe muhuri wenye alama ya suke la ngano na herufi HT. Uingereza na Kanada ni miongoni mwa nchi zinazoifuata. Sanduku la mbao za mwembe zilizopasuliwa wiki iliyopita linaweza kuzuiliwa bandarini, na gharama ikawa yako. Plaiwudi imesamehewa, kwa sababu imeshapikwa kwa joto na gundi. Mwambie fundi atumie plaiwudi kwa ubavu, chini na juu, na kama anahitaji miimo ya mbao, iwe yenye muhuri. Fanicha yenyewe haimo kwenye kanuni hii, lakini ichunguze. Ukigonga mguu wa kabati ukaona unga mwembamba unadondoka, umebunguliwa na wadudu bado wamo. Upulizie dawa upate na cheti, au uuache.

Watu hupenda mapipa ya plastiki kwa mzigo wa kushirikiana, na nawaelewa: hayaingizi maji, yana mfuniko wenye pete ya chuma inayotiwa kufuli. Kwa vyombo vya jikoni na vitabu vichache ni mazuri. Lakini pipa ni duara na wakala anapima pande zake kama mraba. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya nafasi unayolipia ni hewa iliyo nje ya pipa. Sanduku la plaiwudi halina hasara hiyo.

Jambo jengine la kuuliza kabla ya kukubali bei: gharama za upande wa pili. Nauli iliyo rahisi sana hapa mara nyingi hurudi kule kwa majina ya kushusha, kuchambua, ghala na hati, na zote zinahesabiwa kwa mita. Dai bei ya maandishi mpaka mlangoni mwa nyumba ya kule, au angalau orodha ya kile ambacho hakimo.

Kwa Pemba, ongeza hatua moja. Mzigo utavuka kwanza kutoka Mkoani au Wete, na upepo wa kusi unapovuma mkondo huo si wa mchezo. Nimeona watu wakifikiri watafunga vizuri wakishafika Unguja, wakavusha kabati la kioo likiwa limefunikwa shuka. Sanduku lipigwe Pemba, nyumbani, kabla kitu hakijatoka mlangoni.

Ndege

Ni kwa vitu vidogo, vya haraka na vya thamani: hati, dhahabu, nguo za mtoto, kanga chache, vyombo vya kupikia siku za mwanzo. Begi la abiria kwa kawaida haliruhusiwi kupita kilo 32 hata ukilipa, kwa hiyo usitegemee kusafirisha kinu. Hilo linatosha, mtu hahamishi nyumba kwa ndege.

Ila angalia vinavyokamatwa. Makaa ya chetezo yale ya kuwasha haraka ni hatari ndani ya ndege na hayakubaliwi. Pawabenki haiingii kwenye begi la chini. Udi wa vipande unatokana na mti unaolindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; msafiri ameachiwa kilo moja ya vipande na mililita 24 za mafuta yake, zaidi ya hapo ni kibali.

Kuacha

Njia hii haipewi heshima yake, kwa sababu inaonekana kama kushindwa. Mimi naiona ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na kigezo chake cha kwanza ni umeme. Kanada na Marekani wanatumia volti 120 na hezi 60. Friji, mashine ya kufulia na feni za Unguja ni mzigo mfu Toronto. Transfoma itabadili volti, haitabadili hezi, na mota iliyotengenezwa kwa hezi 50 haitakwenda sawa. Vyote hivyo vibaki. London umeme ni kama wetu, lakini friji ya miaka saba kuilipia mita moja ya ujazo sioni hesabu yake.

Makochi kwenda Uingereza nayo yana kizuizi ambacho wengi hukutana nacho baadaye. Tangu 1988 pana kanuni za usalama wa moto kwa fanicha zenye sponji. Kukaa juu ya makochi yako hakuna atakayekuzuia, ila siku utakapotaka kuyatoa, maduka ya hisani hayapokei fanicha isiyo na lebo ya kanuni hizo, na utalipa ya kuyatupa. Ongeza ngazi nyembamba za nyumba za kule. Mpe mdogo wako anayejenga, au uza mapema, mwezi au miwili kabla, ili usilazimike kupokea bei ya mtu anayejua kuwa ndege yako ni kesho.

Mtungi wa gesi hauendi popote. Karafuu usijitilie gunia ndani ya kontena: ununuzi wake na usafirishaji nje uko mikononi mwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Gamba la ng'amba na pembe ya ndovu, hata kama ni kitana cha bibi, usiviweke. Vinalindwa na CITES kwa daraja la juu kabisa. Matumbawe yanahitaji kibali, na vinyago vya mpingo vikiwa vingi ni vivyo hivyo.

Kasha na samadari

Hivi ndivyo ninavyovipigania. Kochi utalipata popote duniani. Kasha lenye misumari ya shaba na kitanda cha samadari chenye miguu ya kukerezwa na vioo vilivyochorwa, hupati. Vinakula nafasi ndogo, na mtoto atakayezaliwa Muscat au Birmingham atakuwa na kitu cha kugusa. Hata kama fedha inatosha mita moja tu ya ujazo, mita hiyo iwe ya vitu hivi.

Kama ni vya kale hasa, tangulia kwenye idara ya Serikali ya Zanzibar inayosimamia makumbusho na mambo ya kale, upate maandishi. Mambo ya kale yanalindwa kisheria, na milango ya kuchonga ndiyo inayotazamwa zaidi. Karatasi hiyo ni rahisi kuipata ukiwa na muda, na ni vigumu mno mzigo ukishafika bandarini.

Samadari ifunguliwe na fundi anayejua kuifunga, si kwa nguvu. Piga picha kila kiungo kabla ya kukiachanisha. Andika namba kwa penseli upande usioonekana, namba moja kwa ulimi na tundu lake. Skrubu na kabari za kila kiungo ziingie mfuko wake, na mfuko ufungwe kwenye kipande hicho hicho. Vioo vitolewe, vibandikwe utepe kwa msalaba, vifungwe kwa blangeti na kusimamishwa wima ndani ya sanduku lao peke yao. Kioo kikilazwa, uzito wa juu unakipasua. Na sahani ni hivyo hivyo: zisimame kwa ukingo, kila moja na karatasi yake, na isiwe karatasi ya gazeti kwa vyombo vyeupe, wino wake unahamia.

Kasha usilijaze vitabu kwa kuwa ni zito na lina nafasi. Tia nguo nyepesi au mashuka, uondoe funguo na uzibebe mwenyewe. Likifika nchi ya baridi litakutana na hewa kavu ya hita, na mbao zilizozoea unyevu wa pwani zinasinyaa kwa upana. Ndipo viungo vinapoachia na misumari ya shaba kulegea. Liweke mbali na hita na jua la dirishani, chumba kisicho na joto kali, miezi ya mwanzo. Nyumba za Muscat zenye kiyoyozi mchana kutwa nazo zinakausha.

Kufunga mwenyewe au kuwalipa wafungaji

Watu hulinganisha fedha tu. Tofauti kubwa iko kwenye bima. Mabima mengi hayalipi kitu kilichovunjika ndani ya katoni ulilofunga mwenyewe. Yatalipa kama katoni zima limepotea au meli imezama. Kwa hiyo nguo, vitabu na sufuria funga na watoto nyumbani, hazivunjiki. Vioo, samadari na seti ya vikombe wafunge wao, waandike kwamba wamefunga wao.

Na bima usiiache ukidhani bahari yetu ni shwari. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama Mfereji wa Suez kwa siku sita, na mmiliki wake akatumia kanuni ya zamani ya bahari inayowataka wenye mizigo yote wachangie hasara, hata ambao mzigo wao haujaguswa. Mwenye bima analipiwa mchango huo. Asiye nayo anaweza kuzuiliwa vitu vyake mpaka atoe dhamana.

Karatasi za kule

Uingereza inasamehe ushuru wa vyombo vya anayehamia kama amekaa nje ya nchi hiyo angalau miezi 12 na amevimiliki na kuvitumia angalau miezi 6. Msamaha unaombwa kwa fomu ya ToR1, na namba yake uwe nayo kabla mzigo haujafika. Kanada wanataka orodha ya vitu vyote, nakala mbili, ikabidhiwe siku unayoingia kwa mara ya kwanza hata kama kontena bado liko baharini. Kitu kisichotajwa siku ile kinaweza kutozwa baadaye. Sheria ya forodha ya nchi za Ghuba inasamehe vyombo vilivyotumika. Bi harusi anayekwenda Muscat na vyombo vipya vya harusi aviandikie orodha ya peke yake, pamoja na risiti zake, asivichanganye na vilivyotumika.

Orodha hiyo hiyo iwe na namba ya kila katoni na sanduku, na kilichomo kwa maneno ya wazi. Mzigo ukifika, simama mlangoni na orodha mkononi, tia alama kila namba inapoingia, na ufungue masanduku ya vioo mbele ya waletaji. Kilichovunjika kiandikwe kwenye hati ya kupokelea kabla ya saini yako, na kipigwe picha kikiwa bado ndani ya sanduku, kwa sababu mtu wa bima ataanza kwa kuuliza lini ulikiona na kilikuwa kimefungwaje.